Kisa cha Amédée Gordini: aliishinda Ferrari akafilisika, akapewa injini ya gari la familia akafanikiwa

Mwanzoni mwa 1957 gereji ya Boulevard Victor, mtaa wa 15 wa Paris, ilikuwa imejaa magari ya mbio yasiyo na pesa ya kwenda mbioni. Mwenyewe, Amédée Gordini, alikuwa na umri wa miaka 57. Miaka mitano kabla ya hapo gari lake lilikuwa limeishinda timu ya Ferrari huko Reims. Miaka saba baadaye jina lake lingekuwa ubavuni mwa gari la milango minne ambalo vijana wa Ufaransa walilitamani kuliko jingine lolote.

Kwa hiyo suala si kama Gordini alikuwa fundi hodari. Hilo halina ubishi. Suala ni kwa nini ufundi ule ule ulizaa kufilisika pale Boulevard Victor ukazaa mafanikio alipoingia Renault. Jibu la mkato ni kwamba Gordini alikuwa bingwa wa kuchukua bloku ya mtu mwingine na kuifanya ipumue. Kila alipolazimika kutengeneza kitu kizima mwenyewe, kuanzia injini hadi difu, bajeti ilimwishia kabla kazi haijaisha. Undani wa jibu hilo umo kwenye vyuma.

Alikotoka, kwa ufupi

Alizaliwa Bazzano, karibu na Bologna, Italia, tarehe 23 Juni 1899. Alianza kazi akiwa mtoto, akapitia mikono ya watu ambao majina yao yalikuja kuwa makubwa: Edoardo Weber wa kabureta, na Alfieri Maserati alipokuwa Isotta Fraschini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alihamia Paris, akafungua gereji yake Suresnes na kuchukua uraia wa Ufaransa mwaka 1929.

Alitengeneza magari ya Fiat, na Fiat ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1934 Henri Pigozzi alianzisha Simca huko Nanterre, kampuni iliyounda magari ya Fiat kwa leseni. Gordini akawa ndiye anayeyatia makali magari hayo, na mara nyingi alikaa mwenyewe kwenye usukani. Alikimbia Bol d'Or, mbio za saa 24 ambazo dereva hakuwa na wa kupokezana naye. Fundi anayeendesha usiku kucha gari alilolifunga mwenyewe hujua mapema kuliko mtu yeyote beringi ipi imeanza kulia.

Mwaka 1939 huko Le Mans, kwenye mbio za saa 24, yeye na José Scaron walishinda tuzo ya ufanisi kwa Simca 8 ya cc 1100. Tuzo hiyo haikuwa ya gari lililokwenda mbali kuliko yote. Kila gari lilipangiwa umbali wake kulingana na ukubwa wa injini, na mshindi alikuwa yule aliyeupita umbali wake kwa kiwango kikubwa zaidi. Hesabu ya namna hiyo ilimfaa Gordini kabisa: injini ndogo, gari jepesi, mafuta kidogo, kusimama mara chache.

Vita vilipokwisha alirudi upesi. Tarehe 9 Septemba 1945, katika mbio za kwanza baada ya vita, pale Bois de Boulogne, alishinda mwenyewe Kombe la Robert Benoist.

Bloku ya Simca 8 na ilikofikishwa

Injini ya Simca 8 ilikuwa ya silinda nne, kipenyo cha silinda mm 68, mwendo wa pistoni mm 75, jumla cc 1089. Ikitoka kiwandani ilitoa nguvu za farasi zipatazo 32. Ilikuwa ya gari la mwalimu au mfanyabiashara mdogo.

Ongezeko la kwanza kubwa lilikuwa la kipenyo. Kuacha mwendo wa mm 75 na kupanua silinda hadi mm 78 kunatoa cc 1433. Anayejua injini ataona faida mbili hapo. Ya kwanza ni ujazo. Ya pili, na kubwa zaidi, ni kwamba pistoni haiendi mbali zaidi kuliko mwanzo, hivyo unaweza kuongeza mizunguko bila konrodi kupata mshtuko mkubwa kila inapogeuka juu. Kipenyo kipana pia kinatoa nafasi ya valvu pana, na valvu ndizo mlango wa hewa.

Lakini kupanua silinda kuna bei yake. Ukuta kati ya silinda na silinda unakuwa mwembamba, na gasketi ya hedi inabaki na ukanda mdogo wa kukalia. Hapo ndipo gesi inapoanza kupenya, kwanza kidogo kidogo, halafu gasketi inaungua kati ya silinda mbili jirani. Ishara yake ni injini kupoteza nguvu kwenye silinda mbili zilizopakana huku nyingine zikifanya kazi vizuri. Krenkshafti ya Simca nayo ilishikwa na beringi kuu tatu tu kwa silinda nne. Kwa mizunguko 4,000 ya injini kwa dakika haina neno. Ukiisukuma juu zaidi ya hapo, shafti inapinda katikati kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na beringi ya kati ndiyo inayolipa.

Gordini alifunga injini hizi kwenye fremu nyepesi za mirija, na vyuma vingi vilivyobaki vikatoka kwenye rafu za Simca. Prince Bira, Raymond Sommer, Maurice Trintignant, Robert Manzon na Jean-Pierre Wimille wote walipita kwenye magari hayo. Juan Manuel Fangio alikimbia Ulaya kwa mara ya kwanza kwenye Simca-Gordini, Reims, Julai 1948. Wimille, aliyehesabiwa na wengi kuwa dereva bora wa wakati wake, alikufa ndani ya Simca-Gordini kwenye mazoezi Buenos Aires, tarehe 28 Januari 1949.

Kwa Grand Prix kanuni ziliruhusu wakati ule cc 1500 zenye supachaja, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, au cc 4500 bila supachaja. Alfa Romeo walikuwa na silinda nane na supachaja za hatua mbili. Gordini alifunga supachaja ya Wade kwenye injini yake ndogo ya silinda nne, na Manzon akamaliza wa nne kwenye Grand Prix ya Ufaransa ya 1950, Reims, mizunguko mitatu nyuma ya mshindi. Ni nafasi nzuri, ila tofauti hiyo ya mizunguko inaeleza zaidi kuliko nafasi yenyewe: nne bora ilipatikana kwa sababu wengi waliokuwa mbele waliharibikiwa. Supachaja inamzidishia joto mtu ambaye tayari gasketi yake inamlilia.

Reims na Rouen: siku saba za 1952

Simca ilijitoa mwishoni mwa 1951, mwaka ule ule ilipoleta sokoni Aronde. Ilikuwa na gari jipya la kuuza na haikuhitaji tena mtu wa kulipigia debe Fiat ya zamani. Gordini akabaki peke yake, na kwa mara ya kwanza akatengeneza injini isiyo na babu kiwandani: silinda sita kwa mstari, mm 75 kwa mm 75, cc 1988, kemshafti mbili juu ya hedi. Gari likaitwa T16.

Bahati ilikuwa upande wake kwa jambo moja. Kwa misimu ya 1952 na 1953 ubingwa wa dunia uliendeshwa kwa kanuni za Formula 2, yaani cc 2000 bila supachaja. Ghafla gari dogo la Paris na Ferrari 500 vilikuwa kwenye daraja moja.

T16 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 450, chini ya Ferrari kwa takriban kilo mia moja. Ferrari ilikuwa na nguvu zaidi, na nyuma ilikuwa na ekseli ya De Dion, ambapo difu imefungwa kwenye fremu na magurudumu yanabeba uzito mdogo. Gordini alibaki na ekseli nzima ya kawaida ikishikwa na fimbo za msokoto. Barabara ikiwa laini, tofauti haionekani sana. Barabara yenye mabonde, ekseli nzima inaruka, tairi linaachia lami, injini inapanda mizunguko, kisha tairi linashika tena kwa kishindo. Kishindo hicho kinapita kwenye meno ya difu.

Tarehe 29 Juni 1952, Reims, mbio za saa tatu. Jean Behra, kijana wa Nice aliyetoka kwenye pikipiki, alishinda na T16, akimwacha Giuseppe Farina wa Ferrari nafasi ya pili. Alberto Ascari, ambaye msimu ule karibu hakuna aliyemshinda, gari lilimsumbua. Ufaransa nzima ilishangilia.

Uvumi ulianza siku ile ile na haujaisha: kwamba ndani ya T16 hakukuwa na cc 1988 bali injini kubwa zaidi. Wanaoshuku wana hoja, kwa kuwa Reims ni njia ya mistari mirefu inayotaka nguvu, na Gordini alikuwa na injini ya cc 2262 kwenye rafu, ambayo ni mm 80 badala ya 75 kwa mwendo ule ule wa pistoni. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Lakini hakuna aliyethibitisha lolote, na kuna maelezo mengine yanayotosha: sehemu ndogo ya mbele ya gari inakata hewa kirahisi kwenye mstari mrefu, na Ferrari bora zaidi haikuwa nzima.

Jumapili iliyofuata, tarehe 6 Julai, Grand Prix ya Ufaransa ilifanyika Rouen. Ferrari walichukua nafasi tatu za kwanza: Ascari, Farina, Taruffi. Manzon alikuwa wa nne na T16, Trintignant wa tano na gari la zamani la silinda nne, Behra wa saba. Huo ndio uwiano wa kweli wa nguvu mwaka ule. Anayetaka kuielewa kazi ya Gordini aitazame Rouen kabla ya Reims. Kuwa wa nne nyuma ya Ferrari tatu, kwa gereji ya mtaani, ni kazi kubwa kuliko ushindi mmoja wenye maswali. Mwaka huo huo Behra alikuwa wa tatu Uswisi na Manzon wa tatu Ubelgiji.

Kwa nini yalikuwa yanavunjika

Le Mans ya 1952 inaonyesha tatizo kwa karibu. Behra na Manzon walikuwa na gari la cc 2262 lenye uzito mdogo kuliko washindani wote wakubwa. Jaguar walikuwa wamebadilisha pua ya gari na injini zikachemka mapema. Mercedes-Benz walikuwa wakijilinda. Gordini akaongoza saa baada ya saa, hadi usiku wa manane ukapita. Kisha breki zikaisha, gari likatolewa, likiwa bado mbele.

Breki za ngoma kwenye gari jepesi hupimwa kwa uzito wa gari, na hapo ndipo mtego ulipo. Joto la breki linategemea uzito mara mraba wa mwendo. Gari likiwa jepesi kwa robo lakini likaingia mwisho wa mstari wa Mulsanne kwa kasi iliyozidi ile breki zilizopangiwa kwa robo, joto linapanda badala ya kushuka. Chukua uzito 0.75 na mwendo 1.25: mraba wa 1.25 ni 1.56, mara 0.75 ni 1.17. Umepunguza robo ya uzito na bado breki zinabeba asilimia 17 zaidi. Gordini alilijua hilo; baadaye alikuwa miongoni mwa waliotumia breki za diski mapema, za Messier, kampuni ya vifaa vya ndege.

Sababu ya pili ni difu na gia boksi. Injini iliongezwa: cc 1988, kisha 2262, kisha 2473 kwa mm 80 na mwendo mm 82, kwa ajili ya kanuni mpya ya cc 2500 ya 1954. Kilichokuwa nyuma ya injini hakikukua kwa kiwango hicho. Kuunda meno mapya ya difu kunahitaji vyuma maalumu, tanuri la kuvikomaza na mashine ya kuvikata, na vyote hivyo ni pesa. Kupanua silinda kunahitaji mashine moja na mikono mizuri. Mtu asiye na pesa huongeza pale anapoweza, na nguvu ikizidi, kiungo kinachofuata ndicho kinachokatika.

Sababu ya tatu hutajwa kwa nadra, na pengine ndiyo kubwa. Timu ile iliishi kwa malipo ya kuanza mbio na zawadi. Waandaaji wa mbio za miji ya Ufaransa walilipa ili magari ya buluu, rangi ya Ufaransa mbioni, yaonekane kwenye mstari. Kwa hiyo Gordini alikwenda kila mahali, karibu kila Jumapili. Gari lililomaliza mbio Jumapili lilifunguliwa Jumatatu, likafungwa Alhamisi, likapakiwa Ijumaa. Hakuna siku ya majaribio humo. Konrodi iliyopaswa kutupwa baada ya saa kadhaa ilirudishwa ndani kwa sababu haikuwa na ufa unaoonekana. Chuma kilichochoka hakionyeshi ufa mpaka siku kinapokatika, na kinakatika gari likiwa mbele, kwa sababu hapo ndipo linapoendeshwa kwa nguvu zote.

Madereva waliliona. Trintignant aliondoka, na mwaka 1955 akashinda Monaco kwa Ferrari. Manzon aliondoka, na Julai 1954 Mercedes-Benz W196 zilipotokea Reims kwa mara ya kwanza na kuchukua nafasi mbili za juu, wa tatu alikuwa Manzon ndani ya Ferrari. Behra, aliyevumilia muda mrefu kuliko wote, alikuwa wa sita siku hiyo. Mapema mwaka huo alikuwa ameshinda Pau na gari la Gordini, tena mbele ya Trintignant. Mwaka 1955 naye akaenda Maserati.

Magari ya viti viwili yalifanya vizuri zaidi: la sita Le Mans 1953, la sita tena 1954, ushindi wa Tour de France ya magari mwaka 1954. Hilo si ajabu. Kwenye mbio ndefu dereva anaitunza difu.

Silinda nane: kosa la hesabu

T32 ilitokea Monza mwaka 1955. Silinda nane kwa mstari, mm 75 kwa mm 70, cc 2474, breki za diski, magurudumu yote yakijitegemea. Kwenye karatasi ni gari la kisasa. Kwenye mzani lilikuwa zito kuliko T16 kwa kiasi cha kutisha, na nguvu zilizoongezeka hazikulipia uzito huo. Faida yake ya kipekee, yaani wepesi, aliitupa kwa mkono wake. Gari bora la msimu wa 1956 kwa matokeo lilibaki lile la zamani: Hermano da Silva Ramos alikuwa wa tano Monaco na T16.

Hapa hukumu lazima iwe wazi. T32 haikuwa injini mbaya. Ilikuwa injini ya timu yenye wachoraji na vyumba vya majaribio, iliyotengenezwa na timu isiyo navyo. Mapema 1957 shughuli ya Grand Prix ikafungwa. Sehemu kubwa ya magari yalinunuliwa baadaye na ndugu wa Schlumpf, ndiyo maana leo yapo Mulhouse, kwenye jumba la makumbusho la magari.

Renault: bloku ya mtu mwingine tena

Pierre Dreyfus aliongoza Renault tangu 1955. Alikuwa na Dauphine inayouzwa kama njugu na isiyo na sifa yoyote ya kasi. Gordini alikuwa na sifa na hana pesa. Dauphine Gordini ilionyeshwa Paris, Oktoba 1957.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya adabu. Injini ya Dauphine ilikuwa na cc 845, mm 58 kwa mm 80. Ikatoka farasi 30 hadi karibu 38 kwa kipimo cha SAE, na gia boksi ya gia tatu ikabadilishwa kwa ya gia nne. Hakuna aliyeweza kufanya zaidi bila kuiua. Mwendo wa mm 80 unaibana: kwa mizunguko 6,500 pistoni ingekuwa inakwenda wastani wa mita 17.3 kwa sekunde, mwendo wa injini ya mbio, ndani ya gari la kwenda sokoni.

Renault 8 ya 1962 ilileta kitu tofauti. Bloku mpya ya chuma cha kusubu, slivu (mirija ya silinda inayochomolewa) zinazozungukwa na maji, na beringi kuu tano. Ujazo ulipofika cc 1108, vipimo vilikuwa mm 70 kwa mm 72. Fanya hesabu ile ile: kwa mizunguko 6,500 pistoni inakwenda mita 15.6 kwa sekunde. Bloku ilikuwa na akiba. Kilichokosekana ni pumzi.

Hedi ya kiwandani ilikuwa na njia za kuingiza hewa na za kutolea moshi upande mmoja. Hewa iliingia, ikageuka, ikatokea ilikoingilia, na moshi ukaipasha moto njia ya kuingilia. Gordini aliiondoa hedi yote. Mpya yake ilikuwa ya aloi, chumba cha kuunguzia cha nusu tufe, valvu zimekaa pembe ya V, plagi katikati kabisa. Hewa iliingia upande mmoja, moshi ukatokea wa pili. Kemshafti ilibaki chini ndani ya bloku na pushirodi zikabaki, ila roka zilipangwa upya ili kuzifikia valvu zilizolala pande mbili.

Uamuzi huo wa kubaki na pushirodi unadharauliwa na wanaopenda kemshafti za juu. Lakini ndio uliofanya gari liwezekane. Bloku, cheni ya muda, pampu ya maji na mistari ya kiwanda havikuguswa. Kemshafti juu zingetaka bloku nyingine au sura mpya ya mbele ya injini, na gari lingepanda bei mpaka vijana wasilifikie.

Kabureta zilikuwa mbili, Solex 40 PHH, kila moja ina koo mbili. Yaani kila silinda ina koo lake. Mgandamizo ulikuwa 10.4 kwa 1. Matokeo: farasi 95 SAE kwa mizunguko 6,500, kilomita 170 kwa saa. SAE ya wakati ule ilipima injini bila mizigo yake mingi, hivyo kwenye gari zilikuwa pungufu, lakini gari lenyewe lilikuwa na uzito usiofika kilo 800.

Lilionyeshwa Oktoba 1964, buluu yenye mistari miwili mieupe. Mwezi uliofuata Jean Vinatier alishinda nalo Tour de Corse, mbio za magari za kisiwa cha Corsica. Pierre Orsini alishinda 1965, Jean-François Piot 1966. Mwaka 1966 ukaanza pia mfululizo wa mbio za magari haya peke yake, Kombe la Gordini, ambapo kijana alinunua gari dukani, akafunga vyuma vya usalama na kwenda kupambana. Jean-Pierre Jabouille na Jean-Luc Thérier walitokea humo.

Toleo la pili, la cc 1255, lilikuwa na mm 74.5 kwa mwendo ule ule wa mm 72, kabureta mbili za Weber 40 DCOE, gia tano, taa nne mbele, farasi 103 SAE. Ile hila ya Simca 8 tena: mwendo wa pistoni unaachwa, kipenyo kinapanuliwa. Liliongezewa tangi la pili mbele. Jumla yalitengenezwa zaidi ya 11,000 hadi 1970.

Linapoharibika R8 Gordini, na sababu

Slivu kwanza. Zinasimama juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana ili hedi izikandamize. Ukitoa hedi na kuzungusha krenkshafti bila kuzifungia slivu kwa vibano, pistoni inazinyanyua, seali ya chini inahama, na maji yanaingia kwenye oili. Oili ikiwa rangi ya maziwa baada ya kazi ya hedi, usiitafute gasketi mpya. Tafuta seali za chini.

Pili, kabureta. Koo nne zinatakiwa kuvuta sawasawa. Fungua kwanza viunganishi kati ya kabureta mbili, linganisha mvuto wa kila koo injini ikiwa na moto, ndipo ufunge kiunganishi. Anayeanza na skrubu za mchanganyiko kabla ya kulinganisha hewa atazunguka siku nzima. Na mwanya wa valvu upimwe kabla ya yote, kwa sababu valvu iliyobana inafanana kabisa na kabureta isiyolingana.

Tatu, nyuma. Injini iko nyuma ya ekseli, na nusu-ekseli zinabembea. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, sehemu ya nyuma inanyanyuka, magurudumu yanajikunja kuingia ndani chini ya gari, na gari linazunguka kabla mikono haijafika. Gordini ilishushwa chini ili magurudumu ya nyuma yaegemee kwa ndani juu tangu mwanzo, na kila gurudumu la nyuma likapewa shokabzoba mbili. Shokabzoba moja ikifa, upande huo unarudi kwenye tabia ya zamani. Zibadilishwe zote nne pamoja. Pua nyepesi ni nusu nyingine ya tatizo, na wengi waliweka mfuko wa mchanga kwenye buti ya mbele. Tangi la pili la toleo la cc 1255 lilisaidia, mpaka linapokwisha.

Nne, gari bandia. Renault 8 za kawaida zilizopakwa buluu ni nyingi. Soma bamba: R1134 ni ya cc 1108, R1135 ni ya cc 1255. Kisha fungua kifuniko cha nyuma. Kabureta upande mmoja na egzosi upande wa pili, ndiyo hedi yenyewe. Vyote vikiwa upande mmoja, umeonyeshwa rangi tu.

Mara ya mwisho, V8 na V6

Renault na Alpine, watengenezaji wa magari ya mbio, walimwomba injini ya lita tatu kwa Le Mans. Akatengeneza V8 ya farasi zipatazo 310, wakati injini ya Waingereza, Cosworth DFV ya 1967, ya ujazo ule ule, ilikuwa imeshapita 400. Alpine A220 ilipata nafasi ya nane mwaka 1968. Mwaka 1969 hakuna A220 ya timu iliyomaliza. Ni T32 kwa mara ya pili: injini nzima kutoka sifuri, bajeti ndogo, mpinzani mwenye kiwanda nyuma yake.

Februari 1969 karakana mpya ilifunguliwa Viry-Châtillon, chini ya Renault, ikibeba jina lake. V6 iliyotoka humo mwaka 1973 haikuwa ya mkono wake. François Castaing na Bernard Dudot ndio walioishughulikia. Ilikuwa na lita mbili, mm 86 kwa mm 57.3, bloku ya chuma cha kusubu. Ikiwa na tabo ilishinda Le Mans 1978. Kwa Formula 1, iliyotaka cc 1500 zenye tabo, waliacha kipenyo kile kile cha mm 86 na kupunguza mwendo wa pistoni hadi mm 42.8, ikawa cc 1492. Injini hiyo iliingia Silverstone Julai 1977, ikiandikwa Renault-Gordini, na Jabouille, yule wa Kombe la Gordini, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tabo zilimwunguzia injini moja baada ya nyingine kwa karibu miaka miwili, hadi aliposhinda Dijon tarehe 1 Julai 1979, wiki tano baada ya Gordini kufariki Paris.